Mpiga Kinanda Aliyefunika Namba

Kosa langu la kwanza kubwa katika uimbaji nililifanya nikiwa nimesimama jukwaani, saa kumi na nusu alasiri, siku ya Jumamosi, mbele ya ukumbi uliojaa. Katikati ya wimbo wangu niliipa hadhira kisogo nikamwambia mpiga kinanda, "Mzee, kii siyo hii. Pandisha." Watu wakacheka. Akapandisha kii, yaani kimo cha sauti.

Yaliyofuata nitayaeleza. Lakini kwanza nataka kumweleza yeye, kwa sababu kwa muda mrefu kila nilipoisimulia siku ile nilijieleza mimi tu, na yeye akawa mkono unaobonyeza.

Jina lake sitalitaja. Hata Bilele, mtaa wa mjini Bukoba alikokuwa na kibanda cha kushonea nguo, watu hawakulitumia. Walimwita Mpiga Kinanda, ingawa siku sita za wiki alikuwa fundi cherehani, na kinanda alikipiga Jumapili kanisani, kwenye harusi, na kwa sisi wanafunzi tulipomwomba. Bango la kibanda chake lilisema "Sare za Shule na Suti". Ukiuliza njia kwa kusema "kwa fundi", ulipelekwa kwa fundi mwingine.

Kikundi chetu cha chuo kilikuwa na watu kumi na wanane. Kokugonza, tuliyekuwa naye darasa moja, alikuwa ameandika mchezo wa nyimbo: hadithi nzima inaimbwa, na katikati kuna maneno machache ya kawaida. Kijana anauza kipande cha kibanja cha nyumbani, yaani shamba la migomba, kile chenye kaburi la baba yake, bila kumwambia mama. Mama anagundua siku mnunuzi anapokuja kukata migomba. Mwishoni kijana anarudi kuomba radhi. Koku alikuwa mama. Mimi nilikuwa kijana, na wimbo wa kuomba radhi niliuimba peke yangu, kwaya ikiwa imenyamaza nyuma yangu.

Ni lazima niseme nilikuwa mtu wa namna gani, la sivyo yeye hataeleweka. Hakuna aliyenifundisha kuimba. Nyumbani kwetu Muleba tuliimba kanisani kama watu wote, kwa kumfuata aliyetangulia. Nilipokuja Bukoba na kupanga chumba Kahororo, nilijifunza kwa simu. Nilikuwa na programu yenye mshale mdogo: ukiimba sawasawa unakuwa wa kijani, ukipanda au kushuka kidogo unakuwa mwekundu. Niliimba nikiutazama. Nilikuwa na daftari la makosa, kila siku ukurasa wake, na nililala vizuri siku ukurasa ulipobaki mweupe. Siku hizo zilikuwa chache.

Kwa hiyo nilipomwona kwa mara ya kwanza akipiga, niliudhika.

Kinanda chake kilikuwa cha umeme, cha mkono wa pili, na vitufe viwili upande wa kushoto vilikuwa vimegeuka rangi ya chai. Yeye alijua kupiga katika kii moja tu. Wimbo ukihitaji kii nyingine hakuhamisha vidole. Alibonyeza kitufe cha kupandisha na kushusha, kinanda kikahama chenyewe, na vidole vyake vikaendelea kutembea palepale vilipozoea. Mimi niliyekuwa nimekesha nikisoma mambo ya kii kumi na mbili niliona huo ni udanganyifu. Kibaya zaidi, kwenye kile kioo kidogo kinachoonyesha namba ya kii, alikuwa amebandika kipande cha kitambaa cha sare, cha bluu, upana wa kidole. Mwimbaji hakuweza kuona yuko wapi.

"Mzee, leo tuko kii gani?" nilimuuliza wiki ya kwanza.

"Tuko Bilele."

"Namaanisha namba. Nataka niiandike."

"Namba ni ya kinanda. Wewe ni kinanda?"

Wenzangu walicheka, nami nikaandika daftarini kwamba mpiga kinanda hafai.

Aliniita Nshomile. Ni neno la Kihaya, "nimesoma", na hapa kwetu linatumika kumtania mtu anayetaka kila mmoja ajue kwamba amesoma. Alilisema bila ukali. "Haya Nshomile, leo umesoma nini?" Na mimi, badala ya kuona ninataniwa, nilimweleza nilichosoma. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Vizuri. Sasa tuimbe."

Na yeye pia alijisifu, tena kuliko mimi. Kwa kumsikiliza, hakuna harusi ya Kilutheri iliyofana kati ya Bukoba na Muleba bila yeye kuwepo. Ndizi za kibanja chake cha Buganguzi zilikuwa kubwa kiasi kwamba mkungu mmoja ulibebwa na wanaume wawili, na katika wiki tatu wanaume wakawa wanne. Alisema kuna bibi harusi aliyekataa kuingia kanisani mpaka yeye afike. Koku alimuuliza, "Na bwana harusi alisemaje?" Akajibu, "Bwana harusi hakuulizwa."

Alipenda kuhudumiwa kwanza. Chai ya mazoezi ikichelewa kumfikia, nyimbo zote zilianza polepole, na hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba alifanya makusudi. Kinanda hakumwazima mtu, hata kwa saa moja, hata mchungaji. Aliwaonea wivu vijana wanaotumia biti, yaani muziki uliokwisha kurekodiwa unaofunguliwa kwenye kompyuta mwimbaji akaimba juu yake. Alipotajiwa mmoja wao alisema, "Yule hapigi. Yule anawasha." Hakuwa mpole wala mtakatifu, na sitaki aonekane hivyo kwa kuwa tu nilimkosea.

Kwenye mfuko wa koti alikuwa na kitunga kidogo chenye kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na majani na kukaushwa, ambazo kwetu mgeni anapewa kabla ya kuulizwa kilichomleta. Yeye alizitumia vingine. Mwisho wa mazoezi alimpa punje moja yule aliyekuwa na siku mbaya kuliko wote. Hakusema kitu, alinyoosha tu mkono. Tukawa tunataniana njiani kurudi Kahororo: "Leo nani kala kahawa?" Wenzangu waliitafuna wakicheka. Mimi nilipopewa niliiweka mfukoni, nikafika nayo chumbani, nikaiweka juu ya daftari kama barua ya kufukuzwa shule. Zilifika tano.

Jambo ambalo sikulielewa kabisa ni tofauti kati ya mikono yake kwenye cherehani na mikono hiyohiyo kwenye kinanda. Nilikwenda kibandani kwake kushonewa shati la kuigizia. Nilimkuta anafumua mshono mzima wa suruali kwa sababu ya sindano moja iliyokwenda pembeni, mahali ambapo hata mvaaji asingepaona. Nilifurahi. Nikajua nimempata mtu wa aina yangu.

"Mzee, mbona mazoezini hutuachi turudie tukikosea?"

Ni kweli hakutuacha. Ukikosea yeye alikwenda mbele. Ukinyamaza alizunguka palepale, akirudia sauti zilezile, mkono wa kushoto ukikushikia nafasi, mpaka urudi. Mguu wake wa kulia ulipiga chini taratibu kama unaendesha cherehani. Nimewahi kunyamaza makusudi ili nione kama ataacha. Alizunguka mara tisa. Mimi ndiye niliyechoka.

Alikata uzi kwa meno kabla ya kujibu. "Suruali hii ataivaa tena kesho. Wimbo ukishatoka umetoka."

"Lakini umetoka na kosa."

"Basi nenda ukamfumue aliyeusikia."

Kisha akanipima. Nilimwambia ninavyo vipimo vyangu, nimeviandika. Hakuvitazama. "Vya lini?"

"Mwezi uliopita."

"Mimi napima mwili uliokuja leo," akasema, akanipitishia futi kifuani. Alipolimaliza shati nililigeuza nikaona ameacha kitambaa cha ziada ndani ya mishono, vidole viwili kila upande. Nilimuuliza ya nini. Akasema ni ya kuachia, maana vijana wananenepa bila kutoa taarifa.

Na kuna tabia moja ambayo nilidhani ni umbea. Kabla ya kila wimbo, akiwa ameweka mikono juu ya kinanda, alimuuliza mwimbaji maswali ya ovyo. Umekula nini? Kwenu mvua imenyesha? Yule mtoto wa dada yako ameanza kutembea? Aliuliza hata siku tulizochelewa. Koku alijibu kwa hadithi ndefu. Mimi nilijibu neno moja, wakati mwingine nusu, kwa sababu kichwani nilikuwa nahesabu pumzi.

Siku ya onyesho niliamka saa kumi na moja alfajiri. Mshale wangu ulikuwa mwekundu kwenye mstari wa saba, ule unaopanda juu kuliko yote, mahali kijana anapomwambia mama yake kwamba kaburi la baba halikuwa lake la kuuza. Niliurudia. Nikaurudia tena. Niliacha saa sita mchana, mwenye nyumba alipogonga mlango akaniuliza kama kuna msiba.

Nyuma ya pazia, kabla hatujaanza, mzee alikuja na maswali yake.

"Umekula nini?"

"Sijala."

"Kwenu Muleba mvua vipi?"

"Sijui."

"Hujapiga simu nyumbani?"

"Mzee, tafadhali."

Alinitazama shingoni, siyo usoni. Kisha akamgeukia Koku, ambaye alikuwa ameshika simu akirekodi kama alivyorekodi kila kitu, akamuuliza habari za yule mtoto wa dada yake. Koku akacheka, akaanza kusimulia jinsi mtoto alivyomkimbiza kuku. Mimi nilijiambia huyu mzee hata leo hawezi kunyamaza.

Mchezo ulikwenda vizuri. Mnunuzi alipokuja kukata migomba kulikuwa na mama mmoja katika hadhira aliyemwambia kwa sauti aondoke. Wimbo wangu ukafika. Kinanda kikaanza, na sikio langu likajua mara moja kwamba ni chini ya tulivyozoea. Niliimba mistari minne nikiwaza, siyo watu, bali ile namba ambayo haikuwa namba yangu. Mstari wa tano ndipo nikageuka nikasema nilichosema.

Alinitazama kidogo. Mkono wa kushoto ulikuwa ukizunguka palepale, ukinishikia nafasi. Nilisema tena, "Pandisha." Akabonyeza.

Mstari wa saba sauti yangu ilipasuka. Sitaki kutafuta neno zuri zaidi. Ilipasuka, ikatoka pumzi tupu, halafu kitu kama mlango wa bati. Watoto wa mbele wakaiga. Nilisimama nimefungua mdomo, na yeye akazunguka, akazunguka, mpaka Koku, ambaye hakutakiwa kuimba hapo, akaingia kwa sauti ya mama, akaumalizia wimbo wa mwanawe. Hadhira ilidhani ndivyo ulivyoandikwa. Wengine walilia.

Baada ya watu kutoka, mlezi wa kikundi, mwalimu wetu, alinifuata pembeni. Mzee alikuwa hatua tatu kutoka hapo, anakunja waya.

"Ilikuwaje pale? Mzee alikosea kii?"

Ningeweza kusema sijui. Hata hilo lingekuwa afadhali. Nilisema, "Nadhani alibonyeza vibaya. Nilijaribu kumrekebisha, lakini nilikuwa nimeshavurugika."

Mwalimu akamgeukia. "Mzee?"

Mtu yule aliyejisifia ndizi, harusi na maharusi, niliyetegemea anichune ngozi kwa maneno, aliendelea kukunja waya wake. "Vidole vimeteleza," akasema. "Kitufe chenyewe kimezeeka." Aliponipita aliweka punje ya kahawa mkononi mwangu. Ilikuwa ya sita.

Sentensi yangu ilisafiri mbali kuliko sauti yangu. Muhula uliofuata mlezi alisema kwa heshima kwamba tutumie biti, mzee apumzike. Kwaya ya mtaani ikasikia. Nilisikia mwenyewe, nikisubiri chipsi mahali fulani Bilele, mwanamke akimwambia mwenzake kwamba Mpiga Kinanda masikio yamekwisha, ameharibia wanafunzi mchezo wao, na harusi ya mwanawe atamtafuta mwingine. Nilichukua chipsi zangu nikaondoka. Miezi michache baadaye kibanda kilikuwa na bango la kuuza vocha. Walisema amehamia Buganguzi, kwenye kibanja chake, kwa sababu ya uzee.

Niliamini hadithi yangu. Hilo ndilo linalonitia aibu zaidi ya uongo wenyewe. Nilikuwa nimeamini kabisa kwamba kitufe kiliteleza.

Likizo ndefu ya mwaka uliofuata ndipo Koku aliponitumia rekodi ya siku ile, yote, maana simu aliiacha ikirekodi kuanzia nyuma ya pazia. Nilifungua kwa ajili ya kuandika makosa ya wengine. Niliweka ile programu ya mshale pembeni, nikapima wimbo mmoja baada ya mwingine. Wimbo wa kwanza wa Koku ulikuwa nusu sauti juu ya tulivyofanya mazoezini. Wa mnunuzi, ambaye siku ile alikuwa na mafua, ulikuwa chini. Wa kwaya ulikuwa palepale. Wangu ulikuwa umeshushwa sauti moja nzima, yaani kitufe kimebonyezwa mara mbili, taratibu, kabla ya kuanza. Hakuna kidole kinachoteleza hivyo kwa kila mtu, kwa kipimo chake.

Kisha nikasikiliza sauti yangu nyuma ya pazia. "Sijala." "Sijui." "Mzee, tafadhali." Ilikuwa imekwaruzika kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Yeyote angeisikia. Yeye alikuwa akiuliza ili aisikie.

Na ile mistari minne ya mwanzo, kabla sijageuka, nimeisikiliza mara nyingi. Sijawahi kuimba vizuri hivyo. Mshale ni mwekundu mahali pawili.

Ilinichukua wiki tano kwenda Buganguzi. Niliandika nitakachosema, nikakisahihisha, nikakisahihisha tena, kisha nikajigundua naongeza wiki kwa ajili ya usahihi. Nikaiacha karatasi chumbani. Nilishuka Muleba mjini, nikapanda bodaboda, na dereva alipojua nakwenda kwa nani akasema, "Yule wa ndizi kubwa?"

Nilimkuta barazani anashona sare za shule. Alikuwa amepungua mwili. Miwani ilikuwa mipya. Mke wake alikuwa amekaa kwenye mkeka anamenya ndizi, ambazo zilikuwa za ukubwa wa kawaida.

"Mpola waitu," nikasalimia kwa Kihaya.

Alinyanyua macho. "Nshomile."

Mke wake aliacha kisu. "Huyu ndiye yule?"

"Ndiye."

Alinikagua kuanzia viatu. "Mimi nilidhani ni mnene. Sauti ya kumwondoa mtu mjini, nilidhani inatoka kwenye kifua kikubwa." Kisha akainuka, akaniletea kigoda, akaingia ndani akarudi na kisahani chenye punje za kahawa.

Niliziangalia. Nadhani uso wangu ulionyesha kitu, maana mzee alicheka. "Chukua. Hii ni ya mgeni. Ile nyingine utaipata ukishaimba."

Nilitafuna. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitafuna kahawa aliyonipa yeye. Ni chungu kidogo, halafu inabaki mdomoni muda mrefu. Nikasema niliyokuja kusema, bila mpangilio: kwamba alinishushia kwa sababu koo langu lilikuwa limekwisha, kwamba sikuelewa, kwamba mwalimu aliponiuliza nilimsingizia, kwamba kibanda chake kimefungwa kwa sababu yangu.

Mashine haikusimama. Alimaliza mshono, akakata uzi.

"Kibanda usijipe ukubwa. Mgongo nao ulihusika."

"Sawa, mzee."

"Lakini harusi tatu zilinikimbia. Hizo ni zako."

"Ndiyo."

"Nilikasirika," akasema. "Muulize huyu."

"Miezi mitatu," mke wake akasema bila kunyanyua kichwa. "Kila kitu kilikuwa Nshomile. Mbuzi akivunja kamba, Nshomile."

"Sasa kwa nini hukusema pale pale?" nilimuuliza. "Ulisema vidole vimeteleza."

Alifikiri. Sikuwa nimewahi kumwona akitafuta jibu. "Ulikuwa umesimama pale kama mtoto aliyevunja chungu. Nikaona bado neno moja tu ufe. Nikasema nitakushikia nafasi, utarudi kesho, utamwambia mwenyewe." Akanyoosha sare juu ya goti. "Hukurudi kesho."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira au kwa msamaha. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Mwaka mzima na zaidi alikuwa akizunguka palepale.

"Nimekuja kuomba radhi," nikasema.

"Nimesikia. Na hayo uliyonieleza mimi ninayajua, nilikuwepo. Kawaeleze wasioyajua."

Akainuka, akaingia ndani, akatoka na kinanda akiwa amekikumbatia kama mkungu. Kitambaa cha bluu kilikuwa bado kimebandikwa, kimechakaa kingo. Alichomeka waya, akaketi, mguu ukaanza.

"Umekula nini njiani?" akauliza.

Safari hii nilimjibu. Nilimweleza mahindi ya kuchoma niliyonunua Muleba mjini, jinsi yalivyokuwa magumu, jinsi yule dada muuzaji alivyoniambia wenye meno mabovu wanunue ndizi. Nilimweleza habari za nyumbani, mvua, mdogo wangu aliyemaliza kidato cha nne. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Kidole kilipita kando ya kitambaa, kikabonyeza, sikuhesabu mara ngapi. Nikaimba wimbo wa kuomba radhi, wote, barazani, mke wake akimenya ndizi. Kwenye mstari wa saba maneno mawili yalinipotea. Alizunguka mara moja, nikarudi.

Tulipomaliza, mzee alinyoosha mkono kwenye kisahani, akachukua punje moja, akaiangalia, akaitafuna mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata nilisimama mbele ya kikundi kabla ya mazoezi. Nilisema alichofanya mzee siku ile, nilichofanya mimi, na nilichomjibu mlezi. Mlezi aliuliza kwa nini sikusema wakati ule. Nilijibu kwamba niliogopa kuandikwa kosa. Koku akasema yeye alijua tangu siku ile kwamba kii zimebadilishwa, kwa sababu yake ilimkaa vizuri kuliko siku zote.

"Mbona hukusema?"

"Mzee alisema mwenyewe vidole vimeteleza. Nimbishie mzee?"

Jioni yake nilikwenda kwa mama mwenyekiti wa kwaya ya Bilele, nikasema yaleyale. Hakunisifu. Aliniuliza namba ya simu ya Buganguzi.

Anakuja Bukoba Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, anafikia kwa binti yake. Kibanda hakijafunguliwa tena, na harusi zile tatu zimeshapita. Tulipourudia mchezo wa Koku alitupigia yeye, na chai ilipelekwa kwake kwanza.

Daftari bado ninalo, na bado naandika makosa, ila mengi siku hizi si ya sauti. Kabla ya kuimba siulizi tena kii. Na mtu akiniuliza nani alikosea siku ile ukumbini, namwambia ni mimi.